Jino la Kui na Betri za Hilowle

Isinya, 4 Machi 2024

Nelima binti yangu,

Sisi wazee hatujambo, mimi na mama yako Ciku, na kuku wanataga. Huko Ujerumani baridi imewaachilia kidogo?

Anayetusumbua ni Kui wako uliyetuachia. Tumbo bado linamuuma, na mwalimu anasema siku hizi amekuwa mzito wa kushika masomo. Jana tulimpeleka hospitali Kajiado. Daktari alipima damu, akasema iko na madini ya risasi, tena mengi. Akaniuliza, "Mzee, hapo kwenu kuna mtu anachoma betri?"

Jina lilikuja lenyewe. Unajua nyuma ya duka la Hilowle kumejaa betri kuukuu za magari. Anasema ananunua tu na kuuza Nairobi. Mbona basi ameziba ua wote kwa mabati? Mbona nikipita anafunga geti? Mtu asiye na siri anafungia nini?

Nimekutumia jino la Kui lililong'oka juzi, na udongo wa kando ya ukuta wake. Niliuchota akiwa msikitini. Hiyo mashine yenu ya maabara ituambie.

Ni mimi baba yako.


Bremen, 2 Aprili 2024

Baba,

Nawasalimu wote wawili. Mzigo umefika. Nilipoona hilo jino dogo kwenye karatasi nililia, kisha nikanawa uso nikaingia kazini.

Madini ya risasi iko na chembe nzito na chembe nyepesi, na uwiano wake hutegemea mgodi ilikochimbwa. Kwa hivyo tunaweza kulinganisha ya jino na ya udongo. Kwa namba za kwanza, zinakaribiana.

Lakini Baba, hizo ni namba mbichi. Mashine huchoma sampuli kwenye moto mkali sana ndipo ihesabu chembe, na iko na upendeleo: nzito inazipitisha kwa urahisi kuliko nyepesi. Upendeleo wenyewe hubadilika hata kwa siku moja. Ndiyo maana tunapima kwanza kitu ambacho jibu lake tunalijua, halafu sampuli, halafu kile kitu tena, tuone mashine imepotoka kiasi gani. Jino nilipima asubuhi, udongo jioni, na mashine ikazimika kabla sijarudia kile kipimo. Usimwambie mtu yeyote bado. Kui asicheze karibu na hapo, basi.

Binti yako.


Isinya, 21 Aprili 2024

Nelima,

Tunashukuru Mungu kwa mvua. Mama yako mguu umepona.

Barua yako niliisoma kwenye baraza la chifu, pale uliposema zinakaribiana. Sehemu ya mashine niliiruka, watu wangechoka. Kesho yake vijana waling'oa mabati ya Hilowle wakamwaga betri barabarani. Hakuna anayenunua kwake tena. Alinijia akaniambia, "Nalianya, watoto wangu wanalala kwa ua huo huo na hawaumwi." Nikamwambia labda hawajapimwa.

Usiniulize kama nimefanya haraka. Ni mjukuu wangu.

Baba.


Bremen, 6 Mei 2024

Baba,

Natumai mko salama, ingawa mimi tangu nisome barua yako sina amani.

Mashine imetengenezwa. Nimerudia kila kitu, kipimo kabla na kipimo baada. Jioni ile mashine ilikuwa imepotoka sana, na ndio upotofu huo ulifanya udongo ufanane na jino. Nikiusahihisha, havifanani hata kidogo. Risasi ya Kui haikutoka kwa Hilowle.

Nakuomba urudi kwa chifu ukaisome hii, yote. Na hatari bado iko mahali fulani, Baba, na mtoto bado anaimeza. Nitumie maji ya tangi, rangi ya kitanda chake, mkwaruzo wa vyombo anavyolia chakula.

Nelima wako.


Isinya, 17 Juni 2024

Nelima,

Tuko.

Nimefikiria sana. Mara ya kwanza ilikuwa Hilowle. Amefunga duka, amehama na jamaa yake yote, ndipo namba inageuka. Na Keynan kijana wake mlisoma pamoja chuo. Mama yako anasema bado mnaongea. Mimi si mtoto. Keynan alikupigia?

Nakutumia karatasi nne, zina namba tu. Moja iko na jino lingine la Kui, limesagwa unga kama vile vingine. Mama yako ndiye alizifunga, hata mimi sijui ipi ni ipi. Udongo wa Hilowle umo. Kama mkono wako ni safi hutahitaji majina.

Baba.


Bremen, 9 Julai 2024

Baba,

Nimekupigia simu, hushiki. Nimempigia Mama, unashika wewe na kukata. Kwa hivyo naandika.

Ndiyo, Keynan alinipigia. Aliuliza kama Kui amepata nafuu, akakata. Imeniuma kwamba ulinipima mimi kabla ya kupima sufuria zako. Lakini nimefanya ulivyotaka.

Kila karatasi nimeipima mara mbili, katikati ya vipimo viwili. Ya pili na ya nne ni kitu kimoja. Ya kwanza na ya tatu ziko mbali. Muulize Mama. Kati ya ya pili na ya nne, kile ambacho si jino kitoke kwa nyumba leo, kabla hujakunja barua hii.

Nelima.


Isinya, 30 Agosti 2024

Nelima mwanangu,

Kui anakusalimia kwanza, ameniambia niandike hivyo. Juzi daktari alipima damu yake tena, risasi imeshuka. Anakula, na anagombana na wenzake.

Ya pili ilikuwa jino. Ya nne ilikuwa mkwaruzo wa sufuria ya uji wake, ile nzito ya mafundi wa jua kali. Niliinunua mimi Kitengela. Nilisimama nikitazama fundi akiyeyusha vyuma chakavu, nikamsifu. Mama yako alisikia barua yako mpaka mwisho, akaitoa sufuria nje, na siku mbili hakunisemesha.

Nilirudi kwa chifu nikasoma barua zako zote, na ya mashine pia. Waliokuja walikuwa wachache kuliko mara ile. Vijana wa mabati hawakuja.

Jumamosi nilienda Kiserian, nikamkuta Hilowle. Anauza mbuzi sokoni, wanakaa chumba kimoja. Nilibeba trei ya mayai. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Akauliza, "Kui anaendeleaje?" Nikasema anapona. Akasema, "Alhamdulillahi," akanivutia kiti. Ruqia mke wake alileta chai. Nikaona mambo yameisha.

Kisha mjukuu wao mdogo, Deeqa, akachukua yai moja kwenye trei. Ruqia alilitoa mkononi mwake polepole, akalirudisha, akampeleka kwa karai akamwosha mikono na sabuni, mpaka viwiko, kama aliyeshika sumu. Hakunitazama. Hilowle aliangalia chini. Nilimaliza chai nikaaga.

Jumamosi nitarudi, bila kubeba kitu.

Baba yako.