Njia ya Bumbuli Wakati wa Mvua

Jumatano, 27 Machi 1968

Kliniki leo. Nesi amenibonyeza tumbo muda mrefu. Kisha akamwita mwenzake, naye akabonyeza. Nikajua. Mtoto amekingama – kichwa kiko ubavuni, miguu huku. Bado anaweza kugeuka, wamesema. Asipogeuka ni kisu. Na nisithubutu kuzalia nyumbani! Niende Bumbuli hospitalini mapema, nikangoje huko huko.

Nimerudi kwa miguu, mvua yote mwilini. Sefania akauliza, wamesemaje? Nikasema wanataka niende mapema. La kukingama sikulitaja. Uso wake nimeuona mara mbili pale makaburini, sitaki kuuona tena hivyo.

Wa kwanza hakulia. Wa pili alilia, akanyonya, kisha akaacha.

Hadi leo hakuna anayeniita mama fulani. Mke wa Sefania, basi.


Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Miche ya chai tuliyopanda mwaka jana, mstari mzima umeteremka na udongo. Sefania hata hakwenda kuitazama. Kajifungia bandani anapiga randa. Kazi ya milango ya shule mpya ilikwisha wiki iliyopita, najua, nilimpelekea uji huko mwenyewe. Sasa anatengeneza nini?

Nilimuuliza akila. Akasema, kazi ndogo tu.


Jumamosi, 30 Machi

Nimechungulia. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, yeye kaenda kwa Samsoni mjumbe.

Mbao mbili ndefu. Nyepesi, zile zile alizochongea masanduku ya kuzikia watoto wetu. Lakini hizi si za mtoto. Urefu wa mtu mzima.

Ee Bwana.

Yeye ndiye seremala wa kijiji hiki, kila msiba unapita kwenye mikono yake. Labda kuna mgonjwa mahali, sijasikia. Labda nesi alimtumia mtu akamwambia yale niliyomficha. Nimekaa jikoni, moto umezimika mbele yangu, sikuuona ukizimika.


Jumapili, 31 Machi

Kanisani. Watu wakaimba, mdomo wangu ukafunguka na kufungwa, sauti haikutoka. Kwenye kuomba ndiko kubaya zaidi. Naanza “Baba” – halafu naona zile mbao.

Tukirudi, mama mkwe, Mama Rahabu, alinishika mkono kwenye utelezi. Ni mtu wa maombi, kila mtu anamjua hivyo. Akaniambia kwa Kishambaa, mwanangu, Mkristo haogopi, woga ni kukosa imani. Nikasema ndiyo mama.

Kwa hiyo sasa naogopa, na naogopa kwa kuwa naogopa.


Jumanne, 2 Aprili

Mchungaji Kristofa amekuja kututazama. Viatu vyake vilikuwa matope matupu, akaviacha nje, akaingia na soksi zimetoboka kidole gumba. Nikampa chai. Mama mkwe alikuwa shambani, Sefania bandani kama kawaida. Randa ilikuwa inasikika mpaka ndani.

Nilitaka kusema tuko wazima tu. Badala yake nikalia! Mbele ya mchungaji. Nikamwambia yote – mtoto kukingama, mbao, na kwamba siwezi kuomba, imani yangu imekwisha.

Hakuniambia nisilie. Akanywa chai kwanza. Kisha akasema, “Unajua lile gogo la kuvukia pale mtoni? Kila nikilipita naogopa. Leo nimelivuka kwa makalio, nimekaa juu yake kama mtoto, na Biblia nimeing'ata kwa meno.” Nikacheka, machozi bado yanatoka. Akasema, usimwambie Mungu kwamba huogopi, hiyo ni kumdanganya. Mwambie unaogopa nini, kitu kimoja kimoja, kama unavyomwambia mumeo unga umekwisha.

Hakuomba yeye. Aliningoja mimi.

Nikasema: Bwana, naogopa kisu. Naogopa damu. Naogopa barabara kukatika. Naogopa mtoto akilia halafu akaacha. Naogopa Sefania kubaki peke yake na randa yake. Naogopa zile mbao, Bwana, mimi sitaki kulala ndani yake.

Amina, akasema mchungaji. Kisha akasema, lakini hilo la mbao, dada, mbona humuulizi mwenye mbao?

Alipoondoka nililala, mchana kweupe. Sikumbuki lini nimelala hivyo.


Jumatano, 3 Aprili

Nimeuliza.

Niliingia bandani bila kubisha hodi. Sefania akasimama mbele ya mbao zake kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi. Nikamwambia, hilo ni sanduku la nani? Akashangaa. Sanduku? Nikasema, Sefania, mimi si mtoto mdogo. Ni langu?

Alikaa chini kwenye takataka za randa. Kisha akasogea pembeni, akanionyesha. Ni machela! Fito mbili za kushikia, vipande vya kuegemea mgongo, na magunia ameyashona katikati kwa kamba ya mkonge. Akasema, “Barabara ikikatika nitakubeba vipi, mgongoni?” Hakutaka kuniambia ili nisiwe na wasiwasi!

Nami nikamwambia langu, la mtoto kukingama. Tukakaa wote pale chini. Tulikuwa tunafichana hofu moja, kila mtu na kona yake. Akauliza, tuombe? Akaomba yeye, kwa maneno machache, akakwama katikati, nikamalizia.

Jioni Samsoni akaja kuijaribu. Yeye ni mjumbe wetu wa nyumba kumi, na ni mzito. Akajilaza, Sefania na jirani wakainua. Gunia likapasuka, mjumbe chini! Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Sefania anashona upya, mara mbili.


Jumapili, 7 Aprili

Jumapili ya Mitende. Watoto walibeba majani yaliyolowa. Mvua ilipiga bati hata mahubiri hayakusikika, mchungaji akanyamaza tu akasubiri, akaanza tena.

Kesho naondoka. Lori la ushirika linapita asubuhi. Nguo ziko tayari. Moyo unakwenda mbio tangu nilipoamka. Nilifikiri baada ya siku ile ya mchungaji mambo yangekwisha. Hayajaisha. Nasema yale yale, Bwana naogopa hiki, Bwana naogopa kile. Kuna saa inatulia. Kuna saa haitulii, basi naendelea kukunja nguo.


Jumatatu, 8 Aprili

Lori halikuja. Tumekaa kando ya barabara hadi mchana, mimi juu ya furushi, Sefania amenishikia mwavuli. Kisha akapita mtu kwa miguu akasema mlima umeporomoka mbele, barabara haipo. Haipo kabisa, amesema, imeingia bondeni na migomba ya watu.

Samsoni amepita nyumba kwa nyumba anaita wanaume, majembe na makoleo, kazi ya ujamaa. Kesho wanakwenda kuchimba. Kasema, shemeji, ndani ya siku chache gari litapita. Akainama kufunga kamba ya kiatu, hakunitazama.

Naogopa barabara. Nilishamwambia Bwana hilo. Sasa imekatika kweli. Je, hakusikia? Naliandika kama lilivyo.


Jumatano, 10 Aprili

Niko kwa mwanamke anaitwa Mwamvita. Simjui. Nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya maporomoko.

Uchungu ulianza alfajiri. Haukungoja Samsoni na majembe yake. Sefania akatoa machela, wanaume wakaja, wakabadilishana mabegani. Wanne wanabeba, wengine wanafuata. Matope hadi magotini. Nilifumba macho kwenye miteremko. Mahali fulani kule msituni nikayafumbua – juu kuna majani makubwa, matone yanaanguka, mgongo wa mtu mbele yangu unafuka mvuke. Na nikawa mtulivu. Sijui kwa nini pale. Hakuna kilichobadilika, mtoto bado kakingama, barabara bado haipo. Nilijiona tu nimebebwa. Na si na hawa wanne peke yao. Siwezi kulisema vizuri zaidi.

Halafu uchungu ukarudi, nikapiga kelele kama kila mtu.

Sefania kavuka peke yake kwa miguu. Mchungaji alishapita jana kwa njia ya juu, isiyopitisha machela, kuwapasha habari hospitalini, kwa hiyo huenda Landrova yao inangoja ng'ambo. Huenda! Kavuka ili ajue. Nilimwona akiingia kwenye ule udongo mwekundu, kisha ukungu ukamfunika. Hajarudi.

Uchungu ukiachia, naandika. Mwamvita ananiona nina wazimu.

Anatoka Mnazi, kule chini nyikani kwenye ukame, kaolewa huku. Kanivua nguo zilizolowa, kanifunga khanga zake mwenyewe, kawasha moto mkubwa. Anasema, kwetu Mnazi mvua kama hii tungechinja mbuzi kwa furaha, huku imekuwa adhabu. Ananikanda kiuno. Nilipokuwa naomba kwa sauti nilisita, nikakumbuka yeye ni Mwislamu. Akasema, “Endelea mdogo wangu, wewe sema, mimi nitaitikia.” Naye akaitikia. Kila sentensi.

Mama mkwe yuko miguuni pangu. Aliifuata machela njia nzima. Leo hajasema neno lolote la imani. Ameniambia tu, Yunis, naogopa. Nikamwambia, na mimi, mama. Akaweka kichwa chake kwenye goti langu. Sijawahi kumpenda kama sasa.

Uchungu umekuja, umepita. Sasa unakuja karibu karibu.

Sauti! Mtu anaita kutoka ng'ambo. Ni Sefania. Landrova ipo! Ipo, nimesikia vizuri. Lakini haiwezi kuvuka, itabidi mimi nivukishwe, sasa, kabla mvua haijaongezeka.

Samsoni kaingia, kalowa chapachapa. Anasema udongo bado unatembea. Polepole, lakini unatembea. Watafunga kamba kwenye mti huku, Sefania afunge ng'ambo, wapite wameishika. Nyuma yake wabebaji wamesimama mlangoni. Nimewatazama mmoja mmoja. Wamekuwa kama majivu. Wana wake zao, wana watoto. Hakuna aliyesema hataki. Lakini hakuna aliyesogea kuchukua machela.

Kisha Samsoni, mtu wa kelele za mikutano, akasema chini chini, “Shemeji, tuombee kwanza.”

Nikasema, mimi?

Akasema, ndiyo, wewe. Tumekusikia njia nzima.

Njia nzima nilidhani najisemea moyoni.

Maneno sina. Uchungu mwingine unakuja, nausikia unapanda mgongoni. Nimewaambia waingie wote, hata hawa wa nje, wavue kofia, waje karibu na moto. Wanaingia. Matope yanajaa nyumba ya watu na Mwamvita hajali, amejitanda khanga kichwani, anangoja. Wananitazama. Naweka kalamu chini, nawashika mikono, naanza: Bwana, tunaogopa udongo huu.