Samaki wa Rukevwe na Pazia Langu la Mahameli

Mpendwa Mama Voke, naomba msaada wako, ila kwanza ujue unaandikiwa na mama yake Rukevwe, msichana wa kwanza mtaani kwetu hapa Sapele kuvaa joho la chuo kikuu, na sasa amerudi chuoni kusomea shahada ya pili, ya samaki, ndiyo, samaki, mimi niliyeishia darasa la sita nimezaa mtoto anayejua samaki anawaza nini, na picha yake ya joho iko sebuleni, kubwa kama mlango, mgeni haketi kabla hajaitazama.

Alipoondoka aliniachia tangi la kioo lenye samaki kipepeo wanne, wa mtoni kwetu hapa hapa, ndio anaowafanyia utafiti, kila Jumamosi hunipigia simu kuuliza wamekula nini, nami namwambia naye anaandika. Samaki hawa hukaa juu kabisa ya maji, chini ya majani yanayoelea, na wakikosa kivuli huruka nje ya tangi. Majani aliyowawekea yalikuwa vijani vyembamba vilivyochanikachanika, nikaona aibu, tangi la msomi lina majani kama masalio ya mbuzi, nikayatupa, nikaenda kijitoni nikachota yale manene mazuri yenye umbo la kabichi, na siku ya kwanza Mama Tejiri wa jirani alikuja kuyatazama, jioni akarudi kuyatazama tena, na yeye si mtu wa kusifu cha mwenzake.

Wiki mbili hazikuisha yakawa manjano, yakaoza, maji yakanuka, nikayatoa yote, na asubuhi yake nikamkuta samaki mmoja juu ya zulia, mkavu, chini ya picha ya joho. Mama Tejiri akasema, "Mwenzangu, sebule yako giza tupu, samaki kaamua kwenda kutafuta jua mwenyewe."

Jumamosi Rukevwe akauliza, "Mama, majani yanaendeleaje?" Nikasema, "Mwanangu, yamestawi hadi majirani wanaomba mbegu." "Na samaki?" "Wote wanne wanakusalimu."

Mwisho wa mwezi anakuja na mwalimu wake kuwaona. Kuna mvuvi ana samaki kama yule yule, je, ninunue nifunike aibu? Na majani gani yatakubali sebule yangu, maana pazia la mahameli silifungui, jua litafifisha picha, na umeme wetu, unajua mwenyewe, huja kama mgeni.

Mimi Mama Rukevwe, Sapele.

JIBU LA MAMA VOKE

Mama Rukevwe, hongera kwa mtoto na pole kwa samaki. Sasa kaa chini.

Lile kabichi la maji ni jani la jua. Limezoea kijito kisicho na dari, wewe umelifungia nyuma ya mahameli ukategemea linenepe. Na yale uliyoyaita masalio ya mbuzi, kwa ulivyoyaeleza, ni kangaga la maji, jani linalovumilia mwanga hafifu na kuwapa samaki kivuli kizuri. Binti yako aliijua sebule yako, akachagua. Mwenye shahada ni nani humo ndani?

Katafute kangaga hilo hilo kwenye vidimbwi vya kivulini. Lioshe, liloweke kwenye ndoo siku mbili tatu uondoe konokono, kisha liache lifunike nusu ya maji, si zaidi, samaki nao wanataka mahali pa kulia chakula. Ukishawishiwa kuchukua vile vijani vidogo kama punje za dengu, ni kweli giza haviliogopi, lakini vitajaza tangi lote na utavichota hadi uzeeni. Juu ya tangi tandaza kipande cha chandarua wasiruke tena, leo, kabla ya majani. Yakizidi, yaanike juani yakauke, usiyatupe mtaroni.

Pazia lifungue kiasi cha kiganja kila asubuhi. Picha ihamie ukuta wa pili. Wageni watageuza shingo, hawatavunjika.

Mvuvi mwambie asante. Rukevwe anaandika kila unachomwambia, mama. Ukimwingiza samaki mgeni, kazi ya mtoto wako itakuwa na uongo ndani yake, nao umeandikwa kwa kinywa chako, na mwalimu akiugundua hatamuuliza mama, atamuuliza mwanafunzi. Wiki zile mbili za maji machafu nazo anapaswa kuzijua. Samaki aliyekufa hawezi kumwaibisha. Wa kununua anaweza.

Mpigie leo, usingoje Jumamosi. Na ukimpigia, anza na samaki. Joho lisubiri.