Bloku Mia Sita na Kumi na Mbili

Ijumaa, Mitwero. Jua la leo halina adabu hata kidogo. Nimekaa kibarazani tangu saa tisa, miguu kwenye beseni la maji, na hasira zangu bado ziko palepale. Sijutii. Naliandika hilo mwanzo kabisa nisije nikalibadilisha mbele ya safari.

Kwa asiyejua kazi yangu: nachora ramani za nyumba kwa kompyuta, kwenye ofisi ndogo hapa Lindi ya bwana mmoja tunayemwita Injinia. Huu mwaka wa tatu. Katika programu ya kuchorea, vitu vinavyojirudia kama mlango, kitanda au sinki huvichori kila mara. Unavifunga pamoja vinakuwa kitu kimoja, unakipa jina, kisha unakipachika popote unapotaka. Hicho ndicho tunakiita bloku. Ubaya wake, ukiifuta kwenye karatasi haitoki kwenye faili. Inajificha humo na jina lake, inakula nafasi, mpaka mtu aamue kufanya usafi.

Ofisini kwetu hakuna aliyewahi kuamua. Injinia ana mtindo wake. Kazi mpya ikija haanzi upya: anachukua faili la kazi iliyopita, anafuta cha juu, anachora palepale. Kisha mteja anaambiwa, "Hii nimekuchorea wewe tu, tangu mstari wa kwanza." Mimi nilikabidhiwa faili hilo siku yangu ya kwanza, nikafanya hivyohivyo miaka miwili na ushee. Nakiri. Niliogopa kuuliza.

Safari hii kazi ilikuwa ya Mama Sofia wa Nangurukuru, anayeuza supu na chapati pale njia panda. Nyumba anayo, ila anaongeza chumba cha nyuma kwa ajili ya mama yake mzazi, ambaye macho yamemwishia. Tofali ameshashusha, fundi yuko tayari, kinachosubiriwa ni kibali. Mara mbili tumetuma ramani kwa afisa wa vibali, mara mbili imerudi: faili zito, halifunguki.

Jumatano nikasema basi. Nikatoa amri ya kusafisha. Programu ikaniletea orodha ya bloku zote zisizotumika, nami nikabaki nimeshika kidevu. Madawati ya shule. Vitanda vya wodi. Mihrabu ya msikiti. Miavuli ya kando ya bwawa la kuogelea. Yote yamejazana ndani ya nyumba ya mama wa watu. Nikafuta. Nikatoa amri tena, zikaibuka nyingine, maana bloku inaweza kubeba bloku tumboni, na ya ndani huioni kuwa ya bure mpaka ya nje iondoke. Nilirudia mara nne. Mwishowe faili likafunguka hata kwenye simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka.

Furaha ikaniponza. Nikaandika kwenye grupu la saiti, alimo na fundi: "Habari njema. Nimeondoa bloku 612 zisizohitajika kwenye nyumba ya Mama Sofia. Sasa ni nyepesi."

Sasa wewe soma hiyo ukiwa fundi mwashi.

Kwa fundi, bloku ni tofali la saruji, hana nyingine anayoijua. Akamsomea Mama Sofia neno kwa neno kwamba Lindi wameamua kumpunguzia nyumba bloku mia sita na kumi na mbili, na kwamba sasa itakuwa nyepesi. Nasikia walilizunguka lile rundo la tofali wakihesabu mpaka adhana ya magharibi.

Leo asubuhi Mama Sofia akatua ofisini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwa Injinia. Kiti hakukitaka.

"Mama yangu haoni," alisema. "Anaupapasa ukuta kwa mkono ndiyo anajua alipo. Huo ukuta ndio mnaoupunguza?"

Nilifungua mdomo nieleze. Injinia akanikata kwa jicho, akamwambia mteja ni kosa la binti, bado anajifunza, bloku zitarudishwa zote leoleo. Kisha akanivuta pembeni. Niombe radhi, nirudishe faili la zamani, funika kombe mwanaharamu apite.

Nilijua anachokiogopa, na hakikuwa tofali.

Na lile faili la zamani si lilisharudi mara mbili? Nikilirudisha, bibi wa watu atakaa lini kwenye chumba chake? Nikasema kwa sauti, mbele ya mteja: "Sirudishi." Nikachomeka flashi yenye nakala ya zamani, nikamvutia Mama Sofia kiti karibu na kompyuta, nikaanza kumwonyesha moja baada ya nyingine. Mama, hiki kitanda cha wodi, uliagiza? Hakuagiza. Dawati? Hakuagiza. Alipofika kwenye mwavuli wa bwawa la kuogelea aliinamia kioo. "Nangurukuru?" akauliza. Kisha nikamfungulia faili jipya, nikapima ukuta wa chumba cha mama yake mbele ya macho yake. Uko vilevile, hata nusu ya tofali haijatoka. Hapo ndipo alipokaa.

Akamgeukia Injinia, taratibu tu. "Si uliniambia hii umenichorea mimi peke yangu?"

Injinia alijibu jambo kuhusu utaratibu wa kitaalamu. Hakuna aliyemwelewa, nadhani hata yeye.

Niwe mkweli. Ningeweza kumaliza yote kwa mdomo, dakika mbili: Mama, hizi bloku si tofali. Haikuwa lazima nifungue ile orodha. Nilitaka Injinia aonekane. Kidogo ni kwa ajili ya haki, na zaidi ni kwa lile neno, bado anajifunza. Miaka yote hii ramani zinazotoka pale ni mkono wangu, jina la chini ni lake. Nimejaribu kuona aibu hapa kibarazani, na aibu haiji.

Mama Sofia alipofika stendi alituma sauti kwenye grupu: "Fundi, bloku zako hakuna aliyezigusa. Zilizotolewa ni za kwenye kompyuta, takataka za watu. Na huyo binti msimguse." Nimeisikiliza mara tano. Ramani niliituma kabla ya swala, na afisa wa vibali amejibu neno moja: imefunguka.

Mchana Injinia naye akaniandikia, mimi peke yangu, nje ya grupu: "Jumatatu njoo na funguo za ofisi."

Maana yake naijua: anataka kunifukuza kazi. Funguo hizo nakaa nazo mimi kwa sababu yeye hafiki kabla ya saa nne. Nilifikiria nimbembeleze. Nikafikiria nimpigie mkewe, ambaye ananipenda. Nimekaa na simu mkononi mpaka maji ya beseni yamepata joto, na nimemjibu sasa hivi:

"Nitakuja nazo. Nafungua saa mbili, kama kawaida."