Waridi la Karatasi za Kuzikwa

Bi Koulsoum mpendwa,

Nakuandikia kwenye ukurasa wako wa kazi za mikono na ushauri kutoka Tanambao, Mahajanga, na Kiswahili changu unisamehe, nilikipata Unguja nilipokaa kwa shangazi miaka sita, hapa kila siku ni Kimalagasi na Kifaransa, hata mume wangu Fahardine hawezi kuisoma barua hii na ndiyo maana nimethubutu kuiandika. Mwaka jana, kwenye nyumba ya wageni huko Antsanitia nilikokuwa nafanya usafi, mgeni mmoja alinionyesha kadi yenye maua ya karatasi, si ya kuchora, ya kusokota, unachukua utepe mwembamba wa karatasi unauviringisha unakuwa duara, unalibana upande mmoja linakuwa petali, basi mimi nikapagawa, lakini vifaa sikuwa navyo wala sikujua niulize nini dukani. Gundi nikapika uji wa muhogo, kijiti cha kusokotea nikatumia njiti ya kiberiti, na karatasi, hapa ndipo penye aibu yangu, nilizitoa kwenye bati la biskuti la mama mkwe wangu, Mama Kouraichia.

Humo anaweka kadi za maulidi, kadi za harusi na kila karatasi yenye Bismillahi au jina la Mungu, hazitupwi, kila Shaabani anazipeleka kuzikwa mahali safi, nami nikajiambia za kuzikwa hazina mwenyewe, nikachukua za kijani na za dhahabu, nikazikata, maandishi yakaingia ndani ya duara yasionekane. Likatoka waridi moja kubwa, nikalitia kwenye fremu. Mama Kouraichia alipoliona alilia, akalitundika sebuleni mwenyewe, na kila anayeingia anaambiwa, "Hiyo kazi ya mkaza mwanangu," yeye ambaye kwa miaka minne hajawahi kunisifia hata wali. Sasa wifi yangu Saïda anaolewa Nosy Be baada ya Idi na anataka kama lile la kuweka mezani kwa bibi harusi, sisimizi wameshaanza kulila waridi kwa ajili ya ule uji, na zimebaki wiki mbili Shaabani ifike, bati litafunguliwa. Niambie mtu anayeanza anunue vifaa gani, na niambie niseme au ninyamaze, maana nikisema nitampoteza mama niliyempata juzi tu.

Hayrat


Hayrat mwanangu,

Nianze na vifaa, maana ndiyo sehemu usiyoiogopa. Kadi zile, hata zingekuwa zako, hazikufaa. Kadi ya harusi ni nzito na inateleza, ukiikunja rangi inapasuka, na gundi haishiki. Nenda duka la vifaa vya shule ununue karatasi za rangi za kawaida, nene kidogo kuliko ya daftari, zenye rangi pande zote mbili. Rangi tatu zinakutosha. Kata tepe za nusu sentimita kwa rula ya chuma na wembe mpya, zote upana mmoja, la sivyo ua litakaa upande. Njiti ya kiberiti ni nene, inaacha shimo katikati. Tafuta sindano kubwa ya kushonea magunia, fundi akukatie kichwa chake tundu libaki wazi kama uma, kisha uichomeke kwenye kizibo cha chupa upate pa kushikia. Utepe unaingia pale kwenye uwazi, nawe unazungusha. Gundi ni ile nyeupe ya wanafunzi, tone dogo kwa njiti ya meno. Uji wa muhogo tuachie tunywe. Soli ya ndala iliyokatika na pini za cherehani zitashikilia maua yakikauka. Kibano cha nyusi najua unacho. Basi. Atakayekuuzia sanduku lenye vitu thelathini, mwambie ahsante upite.

Sasa bati. Hazina mwenyewe, Hayrat? Miaka minne unamwona mama wa watu akizikusanya moja moja, hujajua mwenyewe ni nani? Umenitia hasira, sisimizi wako wamenichekesha, na nimekuhurumia pia, kwa sababu kusubiri sifa miaka minne si mchezo. Lakini kila anapowaonyesha wageni waridi lile, unamwacha ajivunie kitu asichokijua. Kosa la mkasi lilikwisha siku ile ile. Hili la kunyamaza unalifanya kila asubuhi.

Hukumu ya dini kamuulize mwalimu wa madrasa, si kazi yangu. Yangu ni hii: usingoje bati lifunguliwe. Ijumaa hii baada ya chakula, mkiwa wawili tu, lishushe waridi ukutani, kusanya na vipande vyote vilivyobaki, uviweke mbele yake. Sema, "Mama, hizi nilizitoa kwenye bati lako. Nisamehe." Uishie hapo. Usimtaje Saïda, usijitetee kwa uzuri wa kazi. Pengine atakula chumbani kwake siku mbili, pengine wiki. Mwamkie, mpikie, na usikimbilie kwa Fahardine.

Waridi lirudishe kwenye bati kwa mkono wako likazikwe na karatasi nyingine, na siku ya kuzika ufuatane naye, jembe ushike wewe. Mtu hatoi machozi kwa ajili ya kadi kuukuu, mwanangu. Alikuona wewe, na wewe bado upo. Mkirudi, mwekee mezani zile rangi tatu mpya, umwombe amchagulie Saïda ya kwanza. Akishachagua, mpe ashike rula wakati unakata.