Maneno ya Kibao cha Chumba cha Nne

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Ni matumaini yangu kwamba mko wazima huko, wewe, wifi, na watoto ambao mimi ni shangazi yao wa kwenye simu. Ukiniuliza mimi, sijambo. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi, na tangu nistaafu masjala nimejikuta nikipanga hata vijiko kama mafaili, lakini mkono unakwenda kinywani.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu wewe una haraka na mimi nina woga, basi tunaishia kuulizana habari za mvua. Haya ya leo yanataka karatasi. Tafadhali soma ukiwa umekaa.

Habari kubwa ya mji ni jela yetu. Nasema yetu kwa sababu tumebaki sisi wawili tu katika waliolala ndani ya ukuta ule bila kosa. Tangu ilipofungwa imekuwa ghala la mbolea, kisha stoo ya madawati mabovu, kisha nyumba ya popo. Mwaka jana halmashauri ilitaka kuivunja ili malori yapate pa kuegesha. Aliyesimama kuitetea ni Mwalimu, yule aliyekufundisha historia na kukuchapa kwa kusinzia. Siku hizi anatembea kwa mkongojo, ila mdomo wake haujastaafu. Aliwaambia madiwani kwamba mji ukivunja jela yake, kesho watoto wataambiwa hakuna aliyewahi kufungwa. Diwani mmoja akamjibu kwamba popo hawalipi kodi. Watu walicheka, lakini sahihi mia sita zilipatikana, na ikaamuliwa jengo libaki, liwe makumbusho.

Akaletwa mtaalamu wa majengo ya kale, binti mdogo anayevaa buti na kuzigusa kuta kama muuguzi anayepima homa. Fundi mwashi wetu alitaka apige lipu ya saruji amalize wiki hiyohiyo. Binti akamkataza. Alisema mawe yale yalijengwa kwa chokaa, na ukiyafunika kwa saruji unayanyima pumzi. Unyevu unabaki ndani, na ukuta unaoza huku unapendeza. Fundi alinuna siku mbili. Siku ya tatu nikamsikia akiwafundisha wenzake maneno yaleyale kana kwamba ameyarithi kwa babu yake.

Mimi niliitwa kwa sababu nilikulia mle, mtoto wa askari jela. Niliwaonyesha vile vyumba vyetu viwili nyuma ya geti, dirisha la jikoni ambapo mama alipitishia masufuria ya wafungwa, na ule mlango wa mbao wa kati, unaotenganisha ofisi ya baba na ujia wa vyumba vya kufungia. Walipokwangua chokaa ya chumba cha pili walikuta mistari ya mtu aliyekuwa akihesabu siku. Ilikuwa mia moja na tisa, na pembeni yake ua limechorwa kwa msumari. Fundi alivua kofia. Nilifurahia kazi ile, kaka, sikufichi. Kwa miezi mitatu nilikuwa naamka nikiwa na mahali pa kwenda.

Kisha tukafika chumba cha nne.

Kila chumba kitakuwa na kibao cha kueleza habari zake, na binti alikuwa amekwenda kwenye nyaraka za serikali kutafuta mafaili. Alilipata la fundi cherehani. Unamkumbuka, yule tuliyemwita Kasuku kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Alishona suruali yako ya kwanza ndefu, mguu mmoja ukazidi mwingine, akakuambia utakua uufikie. Alikuwa mahabusu kwa kudaiwa kununua vitambaa vya wizi. Kesi yake haikusikilizwa hata siku moja. Binti alisoma mbele ya kamati ya makumbusho maneno aliyoyaandaa: kwamba katika chumba hiki alifariki mahabusu mwenye pumu, na kwamba askari wa zamu alikiri kumsikia akiomba msaada, akampuuza. Chini yake likafuata jina la baba, kamili. Halafu akaniuliza kwa upole kama ningependa jina liondolewe, kwa heshima ya familia. Mwalimu alikuwa akitazama sakafu. Nikaomba wanipe wiki moja.

Kaka, wewe ulikuwa chuoni mambo yalipotokea. Ulikuja likizo, ukamuuliza baba mbele ya mama kama ni kweli alimsikia yule mtu. Baba alisema, "Ni kweli." Ukabeba sanduku lako kabla chai haijapoa. Imepita miaka arobaini na moja. Tulipomzika, ulituma ujumbe kwamba hutamlilia mtu aliyekaa akasikiliza mwenzake akifa. Ujumbe huo sikumwonyesha yeyote. Waombolezaji niliwaambia safari ni ndefu na wewe huna ruhusa kazini.

Sasa nisikilize. Baba hakumsikia. Aliyemsikia ni mimi.

Siku ile baba alikuwa na homa, meno yanagongana. Askari wa pili alikuwa amewapeleka wafungwa wengine mahakamani, akabaki Kasuku peke yake. Baba hakutaka kuomba mtu wa kumshikia zamu, unajua alivyokuwa. Alinipa funguo, mimi wa miaka kumi na sita, akaniambia nimpelekee Kasuku maji kila saa, na kukiwa na lolote nimwamshe. Mama alikuwa mtoni na nguo.

Nilikuwa na hasira na Kasuku. Juzi yake alimtania baba kwamba kuna kijana huja kunisalimia dirishani, na baba akanipiga marufuku kusogea pale. Kwa Kasuku ulikuwa mzaha tu. Kwangu mimi dunia ilikuwa imekwisha. Basi asubuhi ile alipoanza kuniita sikuitika. Alisema, "Binti, mwamshe mzee, kifua kimenibana." Nikasema moyoni, leo utajua faida ya kunyamaza. Aliita tena. Mara ya tatu sauti ilikuwa ndogo, nikadhani anaigiza. Nikainuka, nikaufunga ule mlango wa kati, nikarudi kusuka nywele zangu. Ilikuwa saa nne. Nilipoufungua saa saba kumpelekea chakula, alikuwa ameketi ameegemea ukuta, mikono juu ya magoti, kinywa wazi.

Nilimwamsha baba nikamweleza yote, hata lile la nywele. Alikaa kitandani akitetemeka. Hakunipiga. Alizichukua funguo mkononi mwangu, akasema, "Wewe ulikuwa sokoni. Tangu asubuhi ulikuwa sokoni." Mkuu wa magereza alipokuja kufanya uchunguzi, baba alimwambia alikuwa macho, alisikia, akadhani mtu anajisingizia. Hata homa hakuitaja. Walimvua magwanda wiki iliyofuata. Mimi nikilia alikuwa akiniambia kwamba msichana hawezi kuanza maisha na maiti mgongoni, na kwamba yeye mgongo anao. Hakujua kwamba niliibeba vilevile. Tofauti ni kwamba yeye alionekana akiibeba.

Ulipomuuliza lile swali, mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika trei ya vikombe. Baba alinitazama mara moja kabla ya kukujibu. Ningeweza kusema pale. Ningeweza kusema mwaka uliofuata, au alipougua, au siku tulipomzika. Kila mwaka uliopita uliufanya ujao kuwa mgumu zaidi. Aliwatengenezea watu wa mji huu viatu kwa miaka thelathini, na waliomletea viatu walikuwa wakimwita Kiziwi akiwapa kisogo. Nami nilikuwa mtoto mwema niliyebaki kumtunza. Watu walinisifu kwa hilo, nikazipokea sifa zao.

Jumanne nilikwenda kwa binti wa Kasuku. Naye anashona, palepale alipokuwa akishona baba yake. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliondoa mguu kwenye cherehani, akaniuliza kitu kimoja tu, kwamba baba yake aliita mara ngapi. Nikamwambia nilisikia mara tatu, na baada ya hapo sijui, kwa sababu nilikuwa nimefunga mlango. Alirudi kwenye kitambaa chake, akashona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi, kisha akaniambia niende nyumbani. Hakunisamehe. Sikwenda kumwomba hilo.

Jana nimempa Mwalimu maneno mapya ya kibao. Yanasema askari alikuwa amelala na homa, funguo alikuwa nazo binti yake, naye alisikia akafunga mlango. Jina lililo chini ni langu. Mwalimu aliyasoma mara mbili, akanikumbusha kwamba nitaendelea kuishi katika mji huu, na kwamba watoto wa shule watapitishwa pale na kunionyesha kwa vidole. Nikamwambia najua. Fundi anaanza kuyachonga Jumatatu. Nimeyatoa kabla ya kuitia barua hii posta, kwa kuwa najijua. Ningengoja jibu lako, na kungoja ndiko kulikotufikisha hapa.

Nimekunyang'anya baba, kaka, ungali kijana, nikakuacha umchukie mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Sina neno la kulipia hilo. Usinijibu kwa haraka, na ukiona huwezi kunijibu kabisa, nitaelewa. Nisalimie wifi na watoto. Uwasomee barua hii au usiwasomee, hilo nakuachia wewe.

Ila kama iko siku utakuja, naomba usianzie kwangu. Kaburi lake ni la tatu ukiingia, upande wa kulia. Anzia kwa baba.

Ni mimi, mdogo wako,
Kitinda mimba wa nyumba ya geti