Asubuhi Baba Alipoliruka Jina Langu

Jumanne, mwisho wa Juni. Nkende, Tarime.

Kumekucha na baridi na wingu zito. Mvua haiji, jua nalo halitoki. Mwanangu Nuru amekunywa uji akalala tena. Cherehani iko mbele yangu na sketi tano za shule zinangoja marinda, lakini mikono haitaki. Jana nimerudi kutoka nyumbani Issenye na hadi sasa nina vumbi la barabara masikioni. Ngoja niandike kwanza, sketi zitanisubiri.

Nilikuwa sijakanyaga nyumbani kwa miaka mitatu.

Ukiniuliza sababu, nitakwambia Desemba ni msimu wa sare na fundi wa nguo hawezi kufunga duka wakati kila mzazi wa Tarime anakumbuka kwamba mtoto wake amerefuka. Hiyo ni kweli kabisa. Lakini Juni je? Na Pasaka? Kutoka hapa hadi Issenye, ukiamka mapema unafika jua lingali juu, tena umenunua na ndizi njiani. Nimewadanganya wateja, nimemdanganya mama, sioni faida ya kukudanganya na wewe, shajara. Nilikuwa namkwepa baba.

Baba yangu ni mkulima, mfugaji na mzee wa kanisa. Tulizaliwa tisa, mimi ni wa tano, pale katikati ambapo gauni linakufikia likiwa limeshavaliwa na wakubwa zako wote. Miaka mitatu iliyopita nilihamia kwa Mwita, fundi wa kuchomelea anayefanya kazi kule Kewanja, bila ndoa ya kanisani wala barua ya posa. Nilimpigia baba simu nimwambie mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Akasema, "Sawa, nimesikia."

Basi, hakuongeza neno.

Laiti angenigombeza. Ningelia, ningeomba msamaha, tungeanzia hapo. Tangu siku hiyo salamu zetu zikawa zinapita kwa mama: baba anakusalimu, haya mwambie shikamoo. Nuru akazaliwa, akaota meno, akaanza kutembea na kuvunja vikombe, na babu yake hajamwona.

Mwezi huu mama akapiga simu. Jumapili ya shukrani ya mavuno ilikuwa inakaribia, shule zimefungwa, wajukuu wako likizo, na alitaka watoto wake wote tisa ndani ya nyumba moja. Akasema nije na mtoto. Mwita hakumtaja, na Mwita mwenyewe hakuuliza, alisema tu ana mageti mawili ya kumalizia. Jumanne iliyopita basi letu lilipopita Kewanja nilimwona amesimama mbele ya karakana, miwani ya kazi ameipandisha kwenye paji la uso, anatupungia. Nuru aliendelea kumpungia hata tulipokuwa tumeshapita kona.

Baba alitukuta uani akitoka zizini. Nikapiga goti, shikamoo baba. Marahaba, mmefika salama? Tumefika. Akamtazama Nuru, Nuru akajificha nyuma ya sketi yangu. "Na mgeni wetu, karibu," akasema, kisha akamtuma Yakobo, mdogo wetu wa mwisho, amletee mgeni maziwa. Wiki nzima akawa anamwita hivyo hivyo. Mgeni amekula? Mgeni asisogelee ndama. Wengine walicheka. Mimi neno lile lilinichoma kila nilipolisikia, maana mjukuu gani anaitwa mgeni kwa babu yake?

Sasa nikueleze kuhusu ibada ya asubuhi.

Kwetu ibada ni saa kumi na mbili asubuhi, kabla ng'ombe hawajafunguliwa. Mlango wa sebuleni unaachwa wazi ili baba awasikie ng'ombe. Wimbo mmoja, somo moja, kisha tunapiga magoti na baba anaomba. Utotoni tulikuwa tunasinzia pale pale tulipopiga magoti. Siku moja mdogo wangu Neema alilala akiwa ameegemea stuli, tukanywa uji wote na kuondoka, tukamwacha anaomba.

Jumatano, asubuhi yangu ya kwanza, nilikuta baba ameongeza kitu ambacho sikukijua. Alipomaliza kuombea wagonjwa na mashamba, akaanza kututaja majina, kuanzia wa kwanza, kila mmoja na shida yake. Wambura na presha yake. Yunisi na pikipiki ya mumewe, ambayo najua iliuzwa zamani lakini hakuna aliyethubutu kumwambia baba. Makuru na mtihani wake. Debora na jino lake, na jino lenyewe liling'olewa mwaka jana. Nilikuwa natabasamu huku macho nimefumba. Halafu nikakumbuka kwamba baada ya Debora ni mimi. Nilijiuliza ataniombea nini, na ataliita jina langu kwa sauti gani.

Akasema, "Neema."

Neema ni wa sita.

Sikusikia tena lolote baada ya hapo. Nilifumbua macho nikamtazama. Alikuwa ametulia, mikono juu ya kiti, anaendelea na Mungu wake, na mwanawe wa tano amemruka hivi hivi.

Nikiri hapa kwamba nilikasirika. Alhamisi nilikwepa ibada kwa kusingizia tumbo la Nuru. Ijumaa nikasingizia kumwogesha, nikamwogesha kweli saa kumi na mbili asubuhi na baridi ya Juni, maskini mwanangu, akapiga kelele hadi mbwa wakatoka. Nilimwandikia Mwita ujumbe kwamba baba amenifuta. Akajibu, vumilia, mle vizuri. Kula nilikula, tena kwa hasira, ugali wa mtama na maziwa ya mgando mara mbili. Lakini moyoni nilishapanga: Jumapili nitatoa shukrani yangu kanisani, nitamuaga mama, na baba hataniona tena hadi mmoja wetu azikwe. Niliyafikiria haya nikiwa mtu mzima mwenye mtoto na cherehani mbili.

Ijumaa mchana tulikuwa tunapepeta mtama nyuma ya jiko, mama na mimi. Akaniuliza kwa nini nakimbia ibada. Nilitaka kusema tumbo la Nuru, yakatoka mengine. Nikamwambia yote, tangu ile "sawa, nimesikia" hadi Neema.

Mama akashusha ungo. Kwanza alicheka, hadi pumba zikampalia. Kisha akainua pindo la kanga akajifuta macho, na nilipoangalia vizuri hakuwa anacheka tena.

"Baba yako anawataja walio mbali," alisema. "Aliye ndani ya nyumba anamwona. Amtajie nini?"

Akanieleza kwamba ilianza Yakobo alipokwenda kusoma bweni. Walibaki wawili, yeye na baba, na ibada ikawa dakika mbili, hata ng'ombe walishangaa kufunguliwa mapema vile. Nyumba iliyokuwa na watoto tisa ikawa inasikika saa ya ukutani. Asubuhi moja baba akasema, basi tuwaite. Akaanza na Wambura. Tangu siku hiyo hajaacha, awe mzima awe na homa, na mtu akija nyumbani jina lake linapumzika hadi atakapoondoka. Yakobo naye hakutajwa Jumatano, kwa sababu alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Mimi sikufika kwenye jina lake, nilikuwa nimeshaziba masikio.

Nikamuuliza mama, kwa sauti ndogo, kama na mimi nilikuwa natajwa miaka yote hii mitatu.

"Kwako ndiko anakokaa sana," mama akasema. "Magoti yangu yanajua."

Akarudi kwenye ungo wake. Mimi sikuweza kupepeta tena.

Jumamosi nilikuwa wa kwanza sebuleni. Baba alinitazama, akamtazama Nuru na kitambaa chake kichwani, akasogeza kiti tupite. Wengine walikuwa wameshafika Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo orodha ilikuwa imebaki na majina matatu, ya wale ambao walikuwa hawajafika. Niliyasikiliza moja moja. Jina langu halikuwepo, na nilitulia kama mtu aliyefika kwake.

Jioni wakafika wote watatu kwa mkupuo, na watoto wao na magunia yao. Neema akashuka kwenye bodaboda akiwa amepakatwa na begi kubwa kuliko yeye. Wajukuu walilala kwenye mikeka kuanzia mlangoni hadi chini ya meza, ukitaka kupita unaruka miguu. Debora alikuja na jogoo wa shukrani, ambaye Jumapili alimponyoka mbele ya madhabahu na kuwakimbiza wazee wawili wa kanisa, mmoja wao akiwa baba.

Lakini kabla ya kanisa kulikuwa na ibada ya asubuhi ile. Hiyo ndiyo ninayotaka nisiisahau.

Tulikuwa wote tisa. Baba aliomba kama kawaida, wagonjwa, mashamba, wanaolinda mtama dhidi ya tembo. Akafika mahali pa majina, akanyamaza. Hapakuwa na wa kutaja. Tulingoja. Ng'ombe mmoja akalia zizini. Mtoto mmoja wa Yunisi akauliza kwa sauti kama babu amelala. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, na ile shingo yake niliyoiogopa miaka mitatu niliiona imekonda kweli.

"Asante," akasema. Hakuweza kuendelea. Kaka Wambura akamsaidia kusema amina.

Nililia bila kujificha. Nuru akanifuta kwa mkono wenye uji.

Jana asubuhi baba alitusindikiza mwenyewe hadi barabarani, wakati Yakobo amekwenda kuita bodaboda. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani siku ya Jumatatu, nikashangaa. Tulisimama tu. Yeye akaingiza mkono mfukoni, akatoa kalamu na kidaftari kilichokunjwa pembe.

"Huyu mgeni," akasema, "jina lake kamili ni nani? Kuanzia kesho yuko mbali."

Nikamwambia, Nuru Mwita. Akaandika polepole, akiegemeza kidaftari kwenye kiganja. Nuru akanyanyua shingo aone.

"Na huyo mura, huyo kijana wa Kewanja. La ubatizo ni lipi?"

Nikasema ni Samweli.

"Miaka mitatu namwambia Mungu 'na yule aliye naye'. Si heshima." Akaandika na hilo, akalitazama, akafunga daftari. "Ya ndoa sijayasahau. Njoo naye tuyazungumze."

Nikasema sawa baba, nimesikia. Sijui kama alikumbuka. Mimi nilikumbuka, na nadhani nilitabasamu, kwa sababu na yeye alitazama pembeni kwa namna yake ya kuficha kicheko. Akamwinua Nuru akampandisha kwenye bodaboda. Safari hii Nuru hakujificha.

Mwita kwa kawaida hulala kulekule kwenye kazi hadi Ijumaa. Jana alirudi. Nilimsimulia huku anakula, na nilipofika kwenye "yule aliye naye" aliacha tonge mkononi. Baadaye nikamwona anachezea simu, kumbe anatega kengele.

Leo saa kumi na mbili tulikuwa macho wote wawili. Nuru alikuwa amelala katikati yetu, mguu mmoja kwenye mbavu zangu. Mwita aliketi kitandani akavua ile kofia yake ya sufu anayolala nayo, akaishika kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa sauti ya chini baba ataombea nini juu yake, ikiwa hamjui. Nikamwambia sijui, pengine jina tu kwanza, Mungu anakujua kuliko sisi, baba ataongeza pikipiki na jino kadiri siku zinavyokwenda. Huko Issenye mlango wa sebuleni ulikuwa wazi na ng'ombe wanasubiri. Wambura, Yunisi, Makuru, Debora. Nilihesabu moyoni, nikafika pangu, nikasubiri hapo muda mrefu kwa ajili ya magoti ya mama.

Nimeshazungumza na Mwita. Mwezi wa nane, mageti yawepo yasiwepo, tunakwenda wote watatu. Namwogopa baba bado, na Mwita anamwogopa zaidi. Itabidi tukae mbele yake tuyasikilize yote aliyoyaweka miaka mitatu.

Lakini asubuhi inayofuata nitapiga magoti pale sebuleni, nifumbe macho, na nitakapomsikia anamaliza Debora, naomba baba aniruke tena.