Usikae Tena Juu ya Sanduku

Hagadera,
Jumatatu asubuhi

Kwa ndugu yangu mpenzi Abdirahman,

Sumeya amekanyaga karatasi hii sasa hivi. Ametoka jikoni na majivu mguuni, akapita juu ya barua kama mtu anayevuka barabara, akaenda zake. Ukiona vidole vitano hapo juu usidhani ni muhuri wa ofisi. Ni mpwa wako anakusalimu. Karatasi nyingine sina, na dereva Salat anasema lori lake linaondoka leo leo akimaliza kupakia, kwa hiyo utanisamehe.

Assalamu alaykum, walaal. Sisi tuko wazima, joto tu linatupika. Mume wangu bado anaendesha lori la maji, anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mimi na chai yangu hapa sokoni. Sumeya ameota meno manne na yote ameyajaribu kwangu. Magoti ya mama yetu, hooyo, yanaendeleaje? Na ile mvua mliyokuwa mkiingojea huko nyumbani Kutulo, imenyesha au imechungulia tu ikapita? Nijibiwe yote hayo, lakini si na wewe. Mtafute mtu mwingine aniandikie, maana barua hii ikikufikia nataka uwe unafunga mzigo.

Sasa nisikilize. Jana Salat alishuka kwenye lori, hata chai hajaonja, akaanza kucheka.

"Mama Sumeya, yule mwanachuo wenu amerudi! Nimemwona kisimani Kutulo, shati jeupe, viatu vyeusi, fimbo mkononi. Ngamia sasa wanamwita profesa!"

Benchi zima likacheka. Mimi nilijimwagia chai ya moto mkononi. Ndipo akanipa barua yako.

Nimeisoma mara nne. Unasema uliketi juu ya sanduku lako karibu na ile meza ya kuandikisha wanafunzi wapya chuoni, siku mbili, tangu wanafungua mpaka wanafunga, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza wewe ni nani, umetoka wapi. "Abaayo, dada yangu, hawakunitaka, na mimi si mtu wa kubembeleza." Hayo ni maneno yako. Tena baba yetu, aabo, amekuunga mkono, amesema mahali usipopewa hata maji, heshima yako ni kuondoka.

Walaal, aabo amesema kweli, lakini ni kweli ya kwetu. Kwetu mgeni hapigi hodi. Anakaa nje ya ua wa miiba, anakohoa kidogo, anangoja. Wenyewe watamwona, watamjia, watampa maziwa, na akishakunywa ndipo wamuulize habari. Asipojiwa na mtu, ameshaelewa, anashika njia yake. Wewe ulikaa kama mtoto aliyelelewa vizuri. Ila wale watu hawakujua kama unangoja. Walifikiri unapumzika!

Usidhani nakucheka. Mimi mwenyewe nilikaa hivyo hivyo, na sikumwambia mtu yeyote kwenu, leo ndiyo nasema. Sumeya alikuwa na miezi mitatu akashikwa na homa. Baba yake alikuwa safarini. Nikampeleka kwenye zahanati ndogo ya mtu mmoja hapa sokoni, nikaketi nje, kando ya mlango nisizibe njia, nikangoja waniite. Wanawake wakaja, wakaingia, wakatoka na dawa. Nikasema moyoni, hawa ni watu wao. Jua likahama kutoka ukuta huu mpaka ule. Mtoto akaacha kulia, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikonitisha, lakini wallahi bado nilikaa. Alasiri muuguzi akatoka na kufuli mkononi.

"Wewe mama, unamngoja nani?"

"Nawangoja nyinyi."

"Sisi? Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na mdomo uliuacha nyumbani?"

Akafungua tena mlango huku ananisema. Akampima mtoto ananisema, akamtilia dawa kinywani bado ananisema. Mwanamke yule ulimi wake ni mwiba. Mpaka leo akipita hapa namtengea kikombe cha maziwa mengi, maana huyu aliyekanyaga barua yako si mtoto wangu peke yangu. Aliniagiza nikija tena niende moja kwa moja mpaka mezani, nitaje jina la mtoto. Niliona aibu, jina kabla ya kukaribishwa! Sasa nimezoea.

Naona Salat anafunga turubai. Acha niweke salamu hapa hapa, baadaye sitapata nafasi. Nisalimie hooyo, na bibi yetu, ayeeyo, umpigie kelele kwenye lile sikio la kulia linalosikia, na mke wa ammi aliyenishonea nguo ya harusi. Aabo msalimie kwa heshima, kisha mgeuzie barua hii kwa Kisomali, yote. Sisemi amekosea. Mwambie hivi tu: ngamia wake wakifika kisima kigeni, yule anayesimama mbali akingoja kuitwa, analala amekunywa maji? Ni mimi dada yako, Halima. Haya, na jina nimetia, wakiniita sasa waniite.

Baada ya barua yako nilimwendea Mutua. Huyu ni mwalimu, kijana wa kutoka Machakos, anafundisha hapa na kifungua kinywa anakipata kwangu. Yeye amesoma chuo kikuu. Nilidhani atacheka, hakucheka. Alisema mwaka wa kwanza alikula mkate mkavu siku tatu kwa sababu hakujua kadi ya chakula inachukuliwa wapi, na aliona haya kuuliza. "Na mimi nimelelewa na watu wanaopiga hodi!" akasema. Anasema wiki za mwanzo kila mtu pale ni mgeni, na wale unaowaona wanatembea haraka haraka ndio waliopotea zaidi.

Akaniuliza barua ya chuo inasemaje. Nikamwambia umeandika kwamba wanaandikisha wiki tatu, asiyefika nafasi yake anapewa mwingine. Akahesabu kwa vidole. Ni mpaka Jumatano ya wiki ijayo, basi. Salat anafika kwenu Alhamisi. Lori la mbuzi la kwenda Nairobi linatoka Ijumaa baada ya sala. Panda hilo. Jumatatu asubuhi uko pale. Ukingoja la wiki inayofuata, usiende tena, kaa na ngamia wako.

Mutua amesema mengi, naandika ninayokumbuka. Vyeti vyako usimwachie mtu, mpe karani nakala. Pale hakuna kengele, na mwalimu hatakutafuta kama hukuingia darasani, hata jina lako hatalijua mpaka ulitaje. Chakula, uliza nyama ni ya nini, usione haya. Ijumaa nenda msikitini, utawakuta vijana wetu. Na yule mtakayelala naye chumba kimoja, hata kama si mtu wa kwetu, msalimie wewe kwanza. Labda na yeye amekaa anangoja.

Na hili ni langu, si la Mutua. Ule mwaka wa ukame, nilipotolewa shuleni darasa la sita, nilikupa vitabu vyangu nikachukua mbuzi. Sikudai kitu, nilivitoa kwa moyo. Lakini Sumeya atakua. Iko siku na yeye atabeba sanduku mpaka pale, inshallah, na najua atakaa juu yake kama sisi, ni damu. Siku hiyo nataka pawe na mtu wa kumjia na kumuuliza, wewe ni nani, umetoka wapi, karibu. Nani huyo kama si abti yake, mjomba wake? Hutakuwa mwenyeji wa mahali ulipopakimbia, walaal. Kama

Salat amepiga honi. "Mama Sumeya! Unaandika barua au kitabu? Injini inakula mafuta!" Nakuja, nakuja.

Abdirahman, ukifika usitafute hata kivuli. Sanduku libaki mkononi. Nenda mpaka mezani, na kabla hawajainua macho sema kwa sauti: Mimi ni Abdirahman, nimetoka Kutulo, nime